Wanafunzi wa Udaktari na Swali la Hospitali Inayochafua

Kila ninapoanza kuzungumza na wanafunzi wa udaktari kuhusu huduma za afya zinazojali mazingira, hazipiti dakika nyingi kabla mmoja wao hajauliza: "Dokta, sisi hapa tunachafua nini hasa?" Swali huulizwa kwa adabu, lakini ndani yake mna ubishi, na ubishi huo una sababu. Hospitali ambayo umeme hukatika daktari akiwa bado anashona, ambayo glavu huadimika kabla ya mwisho wa mwezi, ambayo ndugu wa mgonjwa hutumwa duka la dawa lililo nje ya geti kununua nyuzi za upasuaji, inaambiwaje ipunguze matumizi? Mimi hufundisha wodini, na nimewaona walimu wenzangu wakilichukulia swali hilo kuwa ni kutoelewa, wakalijibu kwa sentensi mbili ili mhadhara uendelee. Naona wanapoteza nafasi nzuri. Wanafunzi ninaozungumza nao hawalikatai somo lenyewe, wanakataa kufundishwa somo la hospitali ya mtu mwingine.

Kwa upande wa takwimu wana hoja. Mwaka 2019 shirika la Health Care Without Harm, likishirikiana na kampuni ya uhandisi ya Arup, lilikadiria kwamba sekta ya afya huzalisha asilimia 4.4 ya gesi zinazoongeza joto duniani, kiasi ambacho kingeifanya iwe ya tano kwa uchafuzi kama ingekuwa nchi. Zaidi ya nusu ya mzigo huo ilitoka Marekani, China na Umoja wa Ulaya. Aidha, asilimia 71 ya mzigo wote haikutoka kwenye majengo ya hospitali wala magari yake, bali kwenye mnyororo wa ugavi, yaani kutengeneza, kufungasha, kusafirisha na kutupa dawa, vifaa na bidhaa nyingine. Mwanafunzi anayesomea katika hospitali ya rufaa ya mkoa Tanzania akiambiwa kwamba wajibu wake ni sawa na wa mwenzake aliyeko Boston, anaambiwa jambo lisilo la kweli, na analijua. Mwalimu mwaminifu hulikubali hilo kwanza. Kisha anaweza kuwageuzia swali na kuwauliza moshi wa tanuri la taka lililo nyuma ya jengo la wazazi huwa unaelekea nyumba za akina nani, kwa sababu uchafuzi wa hospitali hauishii kwenye hewa ukaa.

Hapa kuna mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara, hata na wale wanaopanga mitaala. La kwanza ni namna mabadiliko ya tabianchi yanavyodhuru afya, na hilo wanafunzi wetu hulisikia, angalau kwa kupitiwa juu juu katika afya ya jamii: mbu wanaopanda maeneo ya miinuko, kipindupindu kinachofuata mafuriko, homa ya dengi iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Waliokuwa chuoni Desemba 2023 wanakumbuka maporomoko ya tope ya Hanang bila kusimuliwa. Jambo la pili ni namna matibabu yenyewe yanavyochafua, na namna daktari anavyoweza kutibu vilevile, au vizuri zaidi, kwa uchafuzi mdogo. Hili la pili ndilo wanafunzi husema hawajawahi kufundishwa na mtu yeyote. Baadhi yao walifikiri ni kazi ya bwana afya, si ya daktari.

Pengo hilo si letu peke yetu. Utafiti wa Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Wanafunzi wa Udaktari, IFMSA, ambalo TAMSA, chama cha wanafunzi wa udaktari Tanzania, ni mwanachama wake, uliochapishwa mwaka 2020, ulipata majibu kuhusu vyuo 2,817 katika nchi 112, na ni asilimia 15 tu ya vyuo hivyo iliyokuwa imeingiza mabadiliko ya tabianchi na afya katika mtaala. Waliotoa majibu hayo walikuwa wanafunzi wenyewe. Ni wanafunzi pia, wa chuo cha udaktari cha San Francisco katika Chuo Kikuu cha California, walioanzisha mwaka 2019 kadi ya tathmini ambayo kwayo wanafunzi huvipa alama vyuo vyao kwa namna vinavyofundisha na kutenda kuhusu afya ya sayari. Nakiri kwamba wazo la mwanafunzi kumpa mkuu wa chuo alama D lilinifurahisha kuliko inavyostahili. Uingereza msukumo ulitoka pande zote mbili: mwaka 2018 baraza la madaktari la nchi hiyo liliiweka huduma endelevu ya afya miongoni mwa mambo ambayo kila mhitimu anatakiwa kuyaweza, na mwaka 2020 huduma ya afya ya umma ya Uingereza ikajiwekea lengo la kuondoa uzalishaji wake wa moja kwa moja wa gesi joto ifikapo 2040.

Matokeo yake ni kwamba slaidi nyingi zinazopatikana bure mtandaoni zimetoka Uingereza, na mwalimu aliyebanwa na muda huzichukua kama zilivyo. Huanza na gesi ya usingizi iitwayo desflurani. Ni mfano mzuri kwa wanaoitumia: kwa uzito uleule, hupasha dunia joto zaidi ya mara 2,500 ya hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100, na Scotland iliacha kuitumia mwaka 2023. Wanafunzi wangu hunakili takwimu hiyo kwa bidii, kisha mmoja huuliza kama gesi hiyo ipo hapa nchini. Katika vyumba vya upasuaji wanavyovijua wao kuna halothani, kuna isoflurani pale mambo yalipo mazuri, na akina mama wengi wanaofanyiwa upasuaji wa kujifungua huchomwa ganzi ya mgongoni wakiwa macho. Mmoja aliniambia, bila kuficha uchovu wake, kwamba ni sawa na kufundishwa kutembea kwenye barafu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona ndilo kiini, na ambalo halimo kwenye slaidi za kuazima. Ukiingia chumba cha kutakasia vifaa asubuhi, utawakuta wahudumu wakikunja magauni na shuka za kijani za pamba, zilizofuliwa mpaka rangi imepauka kwenye mikunjo. Kila shuka hukaguliwa kwa kuinuliwa kwenye mwanga wa dirisha ili matundu yaonekane, na yenye tundu huwekwa pembeni ikasubiri kiraka. Seti ya upasuaji hufungwa ndani ya vitambaa viwili, ncha moja ya kitambaa ikiachwa nje ili muuguzi aweze kufungua bila kugusa ndani, kisha hubandikwa tepu maalumu ambayo mistari yake hugeuka myeusi ikishapita kwenye joto la otoklevu, mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke. Juu ya tepu huandikwa tarehe kwa kalamu ya kawaida. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hupita hapo na kuona umaskini. Aliyewahi kwenda hospitali binafsi kubwa, au aliyetazama video za Ulaya, ameona pakiti za plastiki zinazochanwa na kutupwa, na moyoni mwake hayo ndiyo maendeleo.

Nimewasikia wakilisema hilo wazi: kwamba wanatamani siku hospitali yao itakapoacha vitambaa. Sidhani kwamba nina haki ya kuwalaumu. Aliyeona shuka yenye unyevu ikitumika kwa sababu otoklevu ilizimika njiani ana sababu ya kutamani pakiti iliyofungwa kiwandani. Lakini huo ndio wakati wa kuwaeleza kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 kuhusu kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji, liliruhusu magauni na shuka za aina zote mbili, za kitambaa kinachorudiwa na za kutupwa, mradi ziwe zimetakaswa. Na kwamba tafiti zinazofuatilia gauni tangu malighafi mpaka jalala zimeonyesha kuwa gauni linalofuliwa na kurudiwa hutumia nishati kidogo na hutoa gesi joto kidogo kuliko yale ya kutupwa. Hospitali za Ulaya zinazorudi kwenye vitambaa zinarudi mahali ambapo sisi hatujaondoka bado. Wanafunzi wakilisikia hilo huwa wanakaa kimya kidogo, kisha ubishi huanza upya, safari hii ukiwa ubishi mzuri: je, tunarudia kwa sababu tumechagua au kwa sababu hatuna fedha, na mgonjwa anajali tofauti hiyo? Kwa maoni yangu, tofauti iko kwenye otoklevu. Kurudia vifaa ni sera nzuri pale tu mashine ya kutakasa inapofanya kazi, fundi wake anapolipwa na umeme unapokuwapo. Bila hivyo ni hatari kwa mgonjwa, na hakuna jina zuri la kimazingira litakaloibadilisha.

Mfano ninaoupenda zaidi kwa sababu hauwafanyi wanafunzi wajione wa mwisho kwenye foleni unatoka kusini mwa India, katika hospitali za macho za Aravind. Huko upasuaji wa mtoto wa jicho hufanywa kwa wingi mno, vitanda viwili katika chumba kimoja, vifaa vikitakaswa na kurudi haraka, na dawa za matone zikitumika kwa zaidi ya mgonjwa mmoja kwa utaratibu uliopangwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba upasuaji mmoja wa aina hiyo hapo ulitoa takriban kilo 6 za hewa ukaa, kama asilimia 5 ya kiasi kilichotolewa na upasuaji wa aina hiyohiyo nchini Uingereza, huku maambukizi ya ndani ya jicho yakiwa machache sana. Nikiwaonyesha takwimu hiyo, swali la "tunachafua nini" hugeuka lenyewe kuwa "kwa nini wao wameweza".

Kuhusu taka, wanafunzi wana mambo mengi ya kusema, na mengi ni malalamiko dhidi yetu sisi walimu. Wanazijua rangi za ndoo tangu mwaka wa kwanza: njano kwa taka zenye maambukizi, nyekundu kwa zile za hatari zaidi, na ndoo tofauti kwa taka za kawaida. Wanalijua sanduku la usalama la sindano, lile la katoni la njano, na wanajua lisijazwe kupita robo tatu. Kisha wanaingia kwenye raundi na kumwona daktari bingwa akitupa karatasi ya glavu kwenye ndoo ya njano bila kutazama. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba takriban asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni za kawaida, zisizo na hatari zaidi ya taka za nyumbani. Zikichanganywa na zile 15, zote huhesabiwa kuwa za hatari na zote huchomwa. Mwanafunzi mmoja alisema mbele ya wenzake kwamba somo hili hafundishwi na mhadhara, anafundishwa na mkono wa bingwa. Sikuwa na la kuongeza.

Kwa hiyo huwa nawapeleka kwenye tanuri. Si safari ndefu. Ni nyuma ya jiko na karibu na shimo la kondo la nyuma, na wengi wamemaliza mwaka mzima wa kliniki bila kufika. Matanuri mengi ya hospitali ndogo za ukanda huu ni ya matofali, ya muundo uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha De Montfort cha Uingereza kwa ajili ya mahali pasipo na fedha za mtambo mkubwa. Huwa yanahitaji kupashwa moto kwanza mpaka chumba cha pili kiunguze moshi wa chumba cha kwanza. Mchomaji wetu ni mzee mtaratibu, na wanafunzi humwita Baba. Huwaeleza kwamba akiletewa dripu zenye maji na vyakula vilivyochanganywa na sindano, moto haupandi, na moshi hutoka mweusi mpaka majirani wanapiga simu. Plastiki yenye klorini ikiungua kwa joto dogo hutoa dioksini, sumu ambazo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unazitaka nchi zizipunguze. Wanafunzi wameshasoma jina hilo kwenye famasia, lakini kwa Baba ndipo wanapotambua kwamba ndoo ya njano ya wodi namba fulani ina mwisho wake, na kwamba kuna mtu anayeuvuta moshi huo kila siku bila barakoa ya maana. Njia nyingine zipo: mradi wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, uliofanyika Ghana, Madagaska, Tanzania na Zambia ulileta otoklevu za kutakasa taka badala ya kuzichoma, pamoja na vipimajoto visivyo na zebaki.

Hata hivyo, nikiulizwa ni wapi daktari wa Tanzania anaweza kupunguza uchafuzi mwingi zaidi bila kununua chochote, sitaji taka. Nitataja "malaria, UTI na taifodi". Msomaji aliyewahi kwenda zahanati na homa anaujua utatu huo. Mtu huingia anaumwa kichwa, hutoka na majibu yote matatu na mfuko wa dawa. Kipimo cha Widal kinachotumika kutambua taifodi kinajulikana kwa majibu ya kupotosha, na mkojo usiokingwa vizuri huonyesha wadudu ambao hawana kosa. Kila antibayotiki isiyohitajika imetengenezwa kiwandani mbali, ikasafirishwa, ikafungwa kwenye plastiki, na mwishowe hulisha usugu ambao utamlazimisha mgonjwa ajaye atibiwe kwa dawa kali zaidi, za sindano, akiwa amelazwa. Vivyo hivyo paracetamol ya dripu: gramu moja katika chupa ya mililita 100, mpira wake, kanula, glavu, pamba na plasta, kwa mgonjwa ambaye anakula na kunywa na angeweza kumeza vidonge viwili. Wanafunzi wanalielewa hili mara moja, kwa sababu wanaliona kila siku na kwa sababu lina faida kwa mfuko wa mgonjwa. Lakini pia wanajua kitu ambacho waandishi wa miongozo hawakijui: mgonjwa wetu ambaye hakuchomwa sindano wala kutundikiwa dripu huona hakutibiwa, na mama mkwe wake atalisema hilo njiani kurudi nyumbani. Wanataka kufundishwa namna ya kuzungumza naye. Hiyo ni stadi ya kliniki, na mimi naiweka juu ya hesabu zote za kaboni.

Kwenye pampu ya pumu huwa natahadhari zaidi. Gesi inayosukuma dawa katika pampu nyingi ni miongoni mwa gesi joto ambazo makubaliano ya kimataifa yaitwayo Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, yaliyofikiwa hapa jirani Rwanda, yanakusudia kuzipunguza, na huko Uingereza wagonjwa wengi wanahamishiwa kwenye dawa za pumu za unga zinazovutwa bila gesi hiyo. Mwanafunzi mwerevu atauliza bei ya dawa hizo na nani atailipa. Jibu langu ni kwamba asimnyang'anye mtu pampu yake kwa ajili ya tabianchi. Ampatie dawa ya kuzuia ya steroidi ili asiihitaji ile ya dharura mara kwa mara, na amfundishe kuitumia vizuri. Tunatengeneza chemba, yaani chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo wa mtoto, darasani kwa chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita: waya uliopashwa moto huzunguka kitako cha chupa mpaka tundu litoshee mdomo wa pampu bila kupitisha hewa pembeni, na mtoto huvuta kupitia mdomo wa chupa. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya namna hiyo iliyozibwa vizuri ilifanya kazi kwa watoto kama chemba ya dukani. Dawa inayofika kwenye mapafu badala ya kuishia ulimini hupunguza idadi ya mipulizo, na idadi ya usiku wa kulazwa.

Wapo wanafunzi wanaolipinga somo hili, na sipendi wahesabiwe kama wasiojali. Wengine wanasema mtaala umejaa, na ni kweli. Mwanafunzi wa mwaka wa nne analala saa chache. Wengine wana hofu nzito zaidi: kwamba neno "endelevu" litakuwa kisingizio kipya cha kutonunua vifaa. Mwanafunzi wa kike aliyekulia kijijini aliniambia kwamba zahanati ya kwao haijawahi kutumia kupita kiasi, na kwamba kuiambia ipunguze ni dhihaka. Shirika la Afya Duniani na wenzake waliripoti mwaka 2023 kwamba ni nusu tu ya hospitali za Afrika kusini mwa Sahara zenye umeme wa kuaminika. Kwa zahanati hiyo, mazingira na matibabu yanataka kitu kilekile, ambacho ni paneli za jua zinazotosha taa ya chumba cha kujifungulia na friji ya chanjo, badala ya jenereta linalosubiri dizeli. Nilimwambia hivyo, akakubali nusu. Nusu nyingine alisema atakubali paneli zikifika.

Wanachoomba walio wengi si kozi mpya yenye jina lake. Wanaomba jambo hili liingie ndani ya yale wanayosoma tayari, katika famasia, upasuaji, magonjwa ya watoto na raundi ya asubuhi, na wanaomba litahiniwe, kwa sababu kisichotahiniwa hakisomwi, na hilo wanalisema bila aibu. Tumependekeza kituo kimoja katika mtihani wa vitendo: mgonjwa mwenye homa anayeweza kumeza, kipimo cha malaria kisicho na wadudu, ndugu anayedai dripu, na ndoo tatu kando ya meza. Mtahiniwa ana dakika nane. Idara ya upasuaji imekubali kukijaribu muhula ujao katika mtihani usiohesabiwa. Idara ya tiba ya ndani bado inabishana alama za kuzungumza na ndugu zitolewe kwenye kipengele kipi, na kikao kimeahirishwa.